VLC, MPC-HC, mpv au ile ya Windows: ipi ikufae kwenye kompyuta ya nyumbani?

Laptopu nyingi za majumbani Kampala, Gulu au Arua ni za mtumba: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, zilizokwisha kutumika miaka kadhaa ofisini Ulaya kabla ya kufika hapa. Filamu huja kwa flashi kutoka duka la kunakilia, harusi na kwanjula (sherehe ya kutambulishana kabla ya harusi) huja kwa DVD kutoka studio, na jamaa walio ng'ambo hutuma video za iPhone. Mashine ni moja, faili ni za kila namna. Ukiuliza tu "programu gani nzuri ya kuchezea video?" utapewa majibu kumi. Yanapungua hadi mawili au matatu ukishajua prosesa yako ni ya kizazi gani na faili zako zimebanwa kwa kodeki (mbinu ya kubana na kufumbua video) ipi.

Anza na mashine

MKV, MP4 na AVI ni magunia tu. Nafaka iliyo ndani ndiyo kodeki: H.264 ya mwaka 2003, H.265 ya 2013 ambayo wengine huiita HEVC, na AV1 ya 2018. Kadiri kodeki ilivyo mpya ndivyo faili inavyokuwa ndogo kwa ubora uleule, na ndivyo kuifumbua kunavyohitaji nguvu zaidi. Ndiyo sababu faili mbili za MKV zenye uzito sawa, moja inateleza kama maji na nyingine inakwama kila sekunde mbili.

Kompyuta hufumbua video kwa njia mbili. Ama sehemu ya picha iliyomo ndani ya prosesa inaifanya kazi hiyo yenyewe, kwa umeme kidogo, ama prosesa kuu inabebeshwa mzigo wote, feni inalia na betri inakwisha. Kwa Intel Core, kizazi cha 3 na cha 4 hufumbua H.264 kwa sehemu ya picha, lakini H.265 huiachia prosesa kuu. Kizazi cha 6, cha mwaka 2015, kinaimudu H.265 ya biti 8 (kina cha rangi). Cha 7 kinaongeza biti 10. AV1 inasubiri kizazi cha 11.

Kujua chako, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, kisha soma mstari wa prosesa. i5-3320M ni kizazi cha 3, i5-6300U ni cha 6, i5-1135G7 ni cha 11. Latitude E6430 ni ya kizazi cha 3, ThinkPad T440 ni ya 4, EliteBook 840 G3 ni ya 6. ThinkPad T470 zipo za 6 na za 7, kwa hiyo usikubali neno la muuzaji kabla hujaiwasha na kuangalia.

Hakuna programu itakayoipa E6430 sehemu ya picha ambayo haikuzaliwa nayo. Iliyo nyepesi itaipunguzia mzigo, basi. Filamu ya H.265 yenye biti 10 na mistari 1080 ikikwama kwenye mashine hiyo, tafuta nakala ya H.264 yenye mistari 720. Kwenye skrini ya inchi 14 tofauti utaitafuta kwa tochi.

VLC: ya nyumba yenye watu wengi

VLC ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, na tangu 2001 msimbo wake uko huru. Ni ya bure, haina matangazo, na toleo la 3 bado linakubali hata Windows XP. Faili ya kusakinishia ina uzito wa megabaiti arubaini na kitu.

Sifa yake kubwa ni kutochagua chakula. DVD ya harusi, 3GP ya simu ya zamani, MOV ya iPhone, AVI iliyovunjika: zote inazijaribu, na kodeki zake imezibeba yenyewe bila kuitegemea Windows. Kwa kompyuta inayotumiwa na baba, watoto na mgeni wa wiki moja, hiyo inatosha kuwa sababu.

Ina udhaifu pia. Ukiruka mbele na nyuma ndani ya filamu, picha huchelewa au huvunjika vipande kwa muda kuliko kwenye MPC-HC na mpv. Kitufe cha E husogeza fremu moja (picha moja kati ya zinazounda video) mbele, lakini toleo la 3 halirudi fremu moja nyuma. Mkufunzi wa mpira anayetaka kuona mguu uligusa wapi atachoka upesi. Na kwenye mashine dhaifu, faili nzito huanza kukwama kwenye VLC mapema kidogo kuliko kwa wenzake wawili hao.

Ikikwama, fungua «Tools», «Preferences», «Input / Codecs», uangalie «Hardware-accelerated decoding». Kawaida huwa «Automatic». Picha ikiwa ya kijani au nyeusi huku sauti ikisikika, dereva, yaani programu inayoendesha sehemu ya picha, ndiyo mshukiwa wa kwanza: jaribu «DXVA 2.0», na ikishindikana weka «Disable», uzime VLC na kuiwasha tena. Ctrl+J hukuonyesha kodeki ya faili inayocheza.

MPC-HC: ya Windows kwenye laptopu ya mtumba

Media Player Classic Home Cinema ina sura ya mwaka 2003, na usiihukumu kwa sura. Watengenezaji wake wa awali walisimama Julai 2017 kwenye toleo 1.7.13, na tovuti nyingi bado zinagawa toleo hilo la kale. Kazi iliendelea mikononi mwa mtu mwingine anayejulikana kama clsid2, na matoleo yake yako kwenye tovuti ya GitHub. Ukiona 1.7.13, umepotea njia.

Ni ya Windows peke yake. Huwaka papo hapo, haili kumbukumbu nyingi, na ina vifumbuzi vya LAV ndani, kwa hiyo huhitaji furushi la kodeki. Huruka ndani ya filamu vizuri, na kwa Ctrl pamoja na mshale wa kulia au wa kushoto unasogea fremu moja moja kwenda mbele na kurudi. Kwa laptopu yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu na betri iliyochoka, hii ndiyo ya kwanza kujaribiwa.

Ukishaisakinisha, ingia «View», «Options», «Internal Filters», ufungue mipangilio ya kifumbuzi cha video uone kama «Hardware acceleration» imewashwa. Chagua D3D11 kwa Windows 10 na 11, au DXVA2 kwa Windows 7. Kisha cheza filamu ukiwa umefungua Task Manager: H.264 ya 1080 ikipanda juu ya nusu ya prosesa kwenye kizazi cha 4, basi sehemu ya picha haifanyi kazi yake.

Ukitaka filamu iendelee pale ulipoishia, tia alama kwenye chaguo la kukumbuka mahali katika «Options», ukurasa wa «Player».

mpv, na SMPlayer kwa wasiopenda kuandika

mpv haina menyu ya kuvutia. Ina dirisha, upau mdogo chini, na kibodi. Mipangilio yote hukaa kwenye faili ya maandishi iitwayo mpv.conf. Mistari mitatu inawatosha wengi, ya kutumia sehemu ya picha, kukumbuka mahali ulipoishia na kuruhusu sauti hadi asilimia 150:

hwdec=auto-safe
save-position-on-quit=yes
volume-max=150

Picha yake ni safi, ni nyepesi, na ukibonyeza i inakuonyesha kodeki, idadi ya fremu zilizodondoka na kama sehemu ya picha inatumika. Kwa kuchunguza kwa nini faili inakwama, hakuna iliyo wazi kuliko hii. Kwenye Linux ni amri moja tu: sudo apt install mpv. Kwenye Windows huja kama faili iliyobanwa ya 7z unayoifungua kwenye folda, na matoleo mapya yanataka Windows 10 kwenda juu. Mwenye Windows 7 asijisumbue.

SMPlayer ni vazi lililovikwa mpv: menyu, orodha, vitufe vya kubofya, na inakumbuka mahali, manukuu (maandishi ya maneno chini ya picha) na sauti ya kila faili bila kuambiwa. Anayependa wepesi wa mpv lakini ana wazazi wanaotumia kompyuta hiyohiyo achukue SMPlayer.

PotPlayer

Ya kampuni ya Kakao ya Korea Kusini. Ni ya bure, ya Windows tu, ina mipangilio mingi kuliko nyingine zote hapa, na msimbo wake umefungwa. Wakati wa kusakinisha soma kila ukurasa na uondoe alama kwenye nyongeza usizoziomba. Inacheza vizuri. Ila kwa nyumba ya kawaida, mipangilio mia mbili ni nafasi mia mbili za mtoto kuiharibu.

Ile iliyokuja na Windows

Media Player ya Windows 11 ni nadhifu na inabana betri, mradi faili iwe MP4 ya H.264. Shida huanza na H.265. Video ya iPhone tangu iOS 11 ya mwaka 2017 mara nyingi ni H.265, na Windows hukuelekeza kwenye duka lake la mtandaoni ukanunue nyongeza ya HEVC kwa dola 0.99. Bei si kitu. Kadi ya kulipia kimataifa ndiyo kikwazo. Laptopu nyingine huja nayo tayari kutoka kiwandani, lakini ya mtumba iliyofutwa na kusakinishwa upya huenda haina. Programu zote zilizotajwa juu hucheza faili hiyohiyo bila senti.

DVD nazo: Windows 10 na 11 hazichezi filamu ya DVD zenyewe. Na Windows Media Player ya Windows 7 haiijui MKV.

Vitufe, kwa Windows

| Kazi | VLC | MPC-HC | mpv |
|---|---|---|---|
| Skrini nzima | F | Alt+Enter | f |
| Kubadili mkondo wa sauti | B | A | # |
| Kubadili manukuu | V | S | j |
| Manukuu yawahi / yachelewe | G / H | F1 / F2 | z / Z |
| Kasi juu / chini | ] / [ | Ctrl+↑ / Ctrl+↓ | ] / [ |
| Kwenda dakika fulani | Ctrl+T | Ctrl+G | hakuna |

Hatua si sawa: G na H za VLC husogeza milisekunde 50, F1 na F2 za MPC-HC husogeza 500, mpv husogeza 100. Kurekebisha robo ya sekunde, VLC ni rahisi zaidi. Kurekebisha sekunde nane, MPC-HC itakuokoa vidole.

Ctrl+T ina thamani yake pale umeme unapokatika. Programu hizi kwa kawaida huandika mahali ulipofika zinapofungwa vizuri. Kompyuta ya mezani ikizimika ghafla usizitegemee. Kumbuka dakika.

Manukuu yanapogoma

Faili ya SRT, yaani ya manukuu, iwe na jina sawasawa na la video, katika folda moja: harakati.mkv na harakati.srt. Hapo zote tatu huichukua zenyewe.

Ukiona "ngâ€™ombe" badala ya "ng’ombe", faili imeandikwa kwa UTF-8 ila inasomwa kama Windows-1252, mifumo miwili tofauti ya kuhifadhi herufi. Ni ile alama ya mkato iliyopinda inayovurugika, kwa hiyo Kiswahili kinaumia kwenye ng' peke yake, lakini manukuu ya Kifaransa kutoka ng'ambo ya mpaka wa Congo huumia kila mstari. Kwenye VLC ingia «Preferences», «Subtitles / OSD», weka «Default encoding» iwe UTF-8. mpv hukisia yenyewe na kwa kawaida hupatia.

Manukuu yakichelewa, pima mara mbili: dakika ya 5 na dakika ya 60. Yakichelewa kwa kiasi kilekile, G au H inatosha. Yakizidi kuachana, faili ilitengenezwa kwa fremu 25 kwa sekunde na filamu yako ni ya 23.976, au kinyume chake. Kwa saa moja pengo hufika kama dakika mbili na nusu, na hakuna kusogeza kutakakoliziba. Tafuta SRT nyingine, au tumia mpv kwa chaguo la sub-speed: 1.0427 manukuu yakiwahi mbele ya filamu, 0.959 yakibaki nyuma.

Sauti ya VJ, spika ndogo na bluutuuthi

Katika filamu zilizotafsiriwa kwa Kiganda, sauti ya VJ (msimulizi wa tafsiri) kwa kawaida imeshachanganywa na ya filamu kwenye mkondo mmoja. Hakuna programu itakayokutenganishia, na anayekuahidi hivyo anakuuzia hewa. Unachoweza ni kusawazisha: VJ anaponguruma na mazungumzo yanaponong'ona. VLC ina «Tools», «Effects and Filters», «Compressor». Iwashe, uanze na kizingiti cha −20 dB na uwiano wa 4:1, halafu ongeza «Makeup gain» kidogo kidogo. MPC-HC ina «Normalize» kwenye «Audio Switcher». Kupandisha sauti ya VLC hadi asilimia 125 kunasaidia pia, ila spika za laptopu huanza kukwaruza.

Filamu zenye sauti ya 5.1, yaani ya chaneli sita, zina ugonjwa wao: milipuko mikubwa, maneno hafifu. Maneno hukaa kwenye chaneli ya katikati. Hapa MPC-HC inashinda, kwa sababu mipangilio ya kifumbuzi chake cha sauti ina ukurasa wa «Mixing»: chagua Stereo, kisha inua kiwango cha katikati.

Ukitumia spika ya bluutuuthi, mdomo utatangulia sauti. Kwenye VLC bonyeza J mara nne, yaani milisekunde 200, uangalie midomo, kisha rekebisha. VLC husahau ukifungua faili nyingine.

DVD ya harusi na faili iliyokatika

DVD za studio nyingi ni picha ya 720×576 iliyorekodiwa kwa mistari ya kupokezana. Bibi harusi akigeuka, kingo zake huwa kama meno ya kitana. Si kosa la diski. Kwenye VLC na mpv bonyeza D, mistari inaondoka. Kwa kazi hii VLC ndiyo ya kwanza, kwa kuwa inafungua menyu ya DVD pia bila nyongeza.

Umeme ukikatika katikati ya kunakili, gunia ndilo linaloamua. MKV itacheza hadi pale ilipokatikia. AVI hupoteza faharasa yake iliyo mwishoni, na VLC huijenga upya: «Input / Codecs», «Damaged or incomplete AVI file», chagua «Always fix». MP4 ambayo faharasa yake ilikuwa mwishoni haitafunguka kwa programu yoyote, nakili upya. Na faili ya zaidi ya gigabaiti 4 ikikataa kuingia kwenye flashi, flashi ni ya mfumo wa FAT32, usiobeba faili kubwa hivyo. Iumbize upya kuwa exFAT baada ya kuhamisha vilivyomo, maana vitafutika.

Kuchagua na kupakua

Kizazi cha 6 kwenda juu, watumiaji wengi, faili mchanganyiko: VLC. Windows kwenye kizazi cha 4 au chini: MPC-HC, na VLC kando kwa ajili ya DVD na faili zilizovunjika. Hakuna kanuni inayokataza kuwa na zote mbili. Linux, au mashine yenye gigabaiti 2 za kumbukumbu: mpv au SMPlayer. Wenye Mac waangalie IINA, iliyojengwa juu ya mpv. Windows 10 iliacha kupata msaada tarehe 14 Oktoba 2025, lakini programu hizi bado zinafanya kazi humo.

Mafurushi ya kodeki yaacheni. Mawili yakikutana ndani ya Windows hugombana, na ukiyaondoa huacha mabaki.

VLC ipakue videolan.org tu. Ukiitafuta kwa jina, viungo vya juu vinaweza kuwa matangazo ya waigaji. Bando lenyewe hapa Uganda lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, kwa hiyo pakua mara moja, weka kwenye flashi, gawia jirani. Aliyepewa kwa flashi na abofye faili kwa kitufe cha kulia, «Properties», «Digital Signatures»: jina linalotakiwa hapo ni VideoLAN. Pia awashe «File name extensions» kwenye «View» ya kivinjari cha faili. "Filamu" yenye jina linaloishia .mp4.exe, au njia ya mkato ya kilobaiti mbili badala ya folda, ni kirusi, na kukibofya mara mbili ndiko kunakokiwasha.